Mkitoka Wawili Valentine, Nyumbani Anabaki Nani?



Kila mwaka ikifika wiki ya pili ya Februari, vijana huniuliza swali lile lile: "Frateri, hivi Mkatoliki anaruhusiwa kusherehekea Valentine?" Nijibu haraka ili tuendelee na jambo lenye uzito zaidi. Mtakatifu Valentino ni shahidi wa Roma, na jina lake bado limo katika orodha ya Kanisa ya wafiadini. Mwaka 1969, kalenda ya liturujia ilipopangwa upya, kumbukumbu yake iliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima kwa sababu habari za kuaminika kuhusu maisha yake ni chache mno. Tarehe 14 Februari tukabaki na Watakatifu Sirilo na Metodi, ndugu wawili waliowapelekea Waslavi Injili. Lakini hakuna anayekukataza kumpeleka mkeo kula sato siku hiyo. Papa Fransisko mwenyewe, tarehe 14 Februari 2014, alikutana na maelfu ya wachumba katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Mwaka 2018 na 2024 siku hiyo iliangukia Jumatano ya Majivu, kwa hiyo wenye kujua waliahirisha mnuso. Swali limekwisha.

Mimi nina swali jingine, ambalo sijasikia likiulizwa kwenye semina za wachumba wala kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Mkitoka wawili usiku huo, nyumbani anabaki nani? Na anabaki katika hali gani? Ukilitazama juu juu ni swali la kufuli na mbwa. Mimi nadhani ni swali la maadili, tena linapima upendo ule ule mnaokwenda kuusherehekea.

Nililipata Igoma, nilipokuwa kwenye mwaka wangu wa kichungaji baada ya kumaliza falsafa. Kwa wasiopafahamu, Igoma ni kata ya Nyamagana, Mwanza, kwenye barabara kuu ya kwenda Musoma, ukishapita Nyakato na kabla hujafika Kisesa. Mji umekua mbio huko. Nyumba yenye geti na waya juu ya ukuta imepakana na nyumba ya vyumba sita vya kupanga, na zote mbili madirisha yake yana nondo. Ukitembea jioni unasikia grili zikifungwa moja baada ya nyingine, kama vile mtaa mzima unajiweka ndani.

Jumamosi moja baada ya sala ya jumuiya nilibaki kunywa chai kwa familia changa. Ndoa ya miaka minne, watoto wawili, mume na mke wote wanaimba kwaya. Wameniruhusu kuandika habari hii mradi nisiwataje. Walikuwa wamepanga kulala usiku mmoja kwenye hoteli ya ufukweni, wao wawili tu, kwa mara ya kwanza tangu mtoto wa pili azaliwe. Nilifurahi kwa ajili yao, na bado nafurahi. Watu waliooana wanahitaji kuwa wachumba tena mara moja moja, na anayedhani hiyo ni anasa hajakaa na wanandoa akawasikiliza.

"Frateri, utuombee tu," mama akasema. "Vibaka wa huku hawana sikukuu."

"Na watoto je?"

"Watakuwa na dada."

Baba akaongeza, bila wasiwasi wowote: "Grili tunafunga kwa nje, funguo naondoka nazo. Hapo hatoki mtu, haingii mtu."

Dada mwenyewe alikuwa pale pale, anakusanya vikombe. Ana miaka kumi na sita, ametokea Sengerema. Nikamwambia, "Mdogo wangu, na wewe unaonaje?" Akamtazama mama. Mama akamwambia, "Sema tu, usiogope."

"Mwizi akija nitapiga kelele, majirani watakuja," akasema. "Moto ukiwaka pia nitapiga kelele, watakuja. Ila watanifungulia na nini?"

Akabeba sinia la vikombe akaenda jikoni.

Nimesoma falsafa miaka mitatu na sikumbuki mtihani uliouliza swali lililonyooka namna hiyo.

Sasa, tusiwe wepesi kumhukumu yule baba. Ana sababu zake, na si za kijinga. Wezi wa siku hizi hawavunji tu, wanabisha hodi. Mmoja anasema ni fundi umeme, mwingine anasema "baba kanituma nichukue tivii naipeleka kwa fundi," na msichana wa miaka kumi na sita akiambiwa jambo hilo na mtu mzima mwenye sauti nzito anaweza kufungua. Kuna nyumba ambazo wizi uliingilia mlangoni kupitia rafiki wa dada. Halafu wazazi wa binti yule wamemkabidhi kwa familia hii. Akitoka usiku akapatwa na jambo, nani atakwenda Sengerema kuwaeleza? Baba anapofunga grili kwa nje, moyoni mwake anasema: ninawalinda wote. Sidhani kama anadanganya.

Ila kuna kitu kimejificha katika maneno yale "hatoki mtu, haingii mtu." Nilihitaji msaada wa vitabu kukiona.

Mwaka 1960, askofu msaidizi wa Kraków kule Poland, Karol Wojtyła, alichapisha kitabu kuhusu upendo na uwajibikaji. Ndiye baadaye tuliyemjua kama Papa Yohane Paulo II. Alikuwa amekaa miaka mingi na vijana, akipanda nao milima na kupiga nao makasia mitoni, akisikiliza habari za uchumba wao. Hoja kubwa ya kitabu chake ina udugu na ile ya Immanuel Kant ya mwaka 1785: mtu hageuzwi kuwa chombo tu cha kumfikishia mwingine lengo lake. Wojtyła anakwenda mbele zaidi. Anasema haitoshi kutomtumia mtu, kwa sababu mwitikio pekee unaolingana na hadhi ya mtu ni kumpenda.

Vijana wa Kikatoliki tunaifahamu hoja hii, lakini tunaifahamu upande mmoja. Tunafundishwa kwamba kijana asimtumie binti kwa raha zake, na binti asimgeuze kijana kuwa ATM. Sawa kabisa. Lakini soma tena: hoja haihusu mpenzi wako peke yake, inamhusu mtu. Yeyote. Basi fikiria meza ya hoteli usiku wa tarehe 14. Watu wawili wanatazamana, kila mmoja anamwona mwenzake kuwa mtu kamili mwenye hofu, uchovu na ndoto zake. Na ili meza hiyo iwezekane, kule Igoma kuna mtu wa tatu ambaye hofu yake haikuulizwa. Ameunganishwa na grili na kufuli, akawa sehemu ya mfumo wa ulinzi wa nyumba.

Hata lugha yetu ya mtaani imekiri jambo hili. Dada wa kazi tunamwita "beki tatu." Tunacheka, lakini tazama tulichokisema: yeye ni beki, anazuia. Yaani anakaba goli letu, na jezi yenyewe hatujui kama imemtosha.

Hili si suala la hisia tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kulea watoto wawili na kulinda nyumba usiku kucha peke yako, hiyo ni kazi gani kama si kazi ya usiku? Hapa hapa Mwanza lipo shirika la WoteSawa linalotetea wafanyakazi wa nyumbani walio wadogo, na aliyelianzisha alipita maisha hayo mwenyewe. Wale hawahitaji kusoma Kant.

Na Katekisimu je? Huwa nawaambia vijana wafungue namba 2414. Inakataa mtu kushushwa hadhi hadi apimwe kwa faida anayoleta tu. Jambo lililonishangaza ni mahali namba hiyo ilipowekwa. Haipo chini ya amri ya tano bali chini ya amri ya saba, ile inayokataza wizi. Sisemi kwamba kufungia mlango usiku mmoja ni utumwa, tusikuze mambo. Nasema Kanisa linaona undugu kati ya kuiba kitu cha mtu na kumgeuza mtu kuwa kitu. Kwa hiyo inawezekana kabisa ukawa unajilinda dhidi ya wezi huku kidole chako kimegusa amri ile ile.

Turudi kwenye grili. Kiswahili kina maneno mawili tunayoyachanganya: kulinda na kufungia. Ukimlinda mtu, wewe ndiye unayebeba mzigo. Unakesha, unagharamika, unafikiri kwa niaba yake. Ukimfungia, mzigo unambebesha yeye. Ukitaka kujua lipi umefanya, angalia nani amelala usingizi mzuri usiku ule.

Wasukuma ni wafugaji, wanaelewa. Ng'ombe wakiingia zizini lango linazibwa, lakini mwenye ng'ombe analala karibu, na kukitokea hatari yeye ndiye anayelifungua. Zizi lisilo na mtu wa kulifungua ni mtego. Katika sura ya 10 ya Injili ya Yohane, Yesu anajiita mchungaji, lakini kabla ya hapo anajiita lango la kondoo, na anaeleza kazi ya lango: kondoo wanaingia na wanatoka, wanapata malisho. Lango la Kristo linafanya kazi pande zote mbili. Mlango unaofungwa upande mmoja tu, na ufunguo upo hoteli, haufanani nalo hata kidogo.

Kuhusu moto sihitaji kusema mengi. Machi 2001 kule Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, bweni la wavulana lilichomwa usiku na wanafunzi 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Nondo hizo ziliwekwa ili wawe salama! Na sisi tulioishi Igoma tuna kumbukumbu yetu. Makaburi ya pamoja ya MV Bukoba yapo pale. Tarehe 21 Mei 1996 meli ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na wengi walikwama ndani yake huku msaada ukiwa karibu. Nimewahi kusali rozari pale na vijana wa parokia. Mtu aliyesimama kwenye makaburi yale hapaswi kuambiwa mara mbili kwamba kukwama ndani ni kitu gani.

Na tukumbuke kwamba hatari nyingi za nyumbani haziji na mwizi. Zipo humo humo. Umeme wa luku umekatika, binti anawasha mshumaa, anauweka karibu na neti kwa sababu mtoto anaogopa giza. Mvua imenyesha, jiko la mkaa linaingizwa ndani na madirisha yamefungwa. Ile hewa ya sumu haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Mtungi wa gesi haukufungwa vizuri. Simu inachajiwa juu ya godoro. Kwa matatizo yote haya kufuli la nje halisaidii chochote. Linaongeza tatizo.

Hapa ndipo ndugu mmoja mcha Mungu huniambia: "Frateri, unafikiri sana. Mungu atalinda." Anakumbuka Zaburi ya 127, kwamba Bwana asipoulinda mji, mlinzi anakesha bure. Ni kweli. Lakini itazame zaburi hiyo kwa makini: mlinzi yupo macho! Mzaburi hajamwambia akalale. Anamwambia asijidhanie kuwa yeye ndiye Mungu. Na shetani alipomshawishi Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, Yesu alikataa, akakiita kitendo hicho kumjaribu Mungu. Kuacha watoto nyuma ya grili isiyofunguka, kisha kusali rozari njiani kwenda hotelini, kuna harufu ya jambo hilo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino analiweka vizuri katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 49, anapochambua fadhila ya busara. Katika vipengele vyake anataja kuona mbele, kuangalia mazingira yanayokuzunguka, na kuwa na tahadhari. Fikiria hilo. Mwalimu mkuu wa Kanisa anaweka tahadhari ndani ya fadhila, karibu na haki na kiasi. Kwa hiyo yule mama anayerudi mara mbili kuhakikisha gesi imezimwa si mtu mwenye imani ndogo. Anafanya tendo la fadhila, tena pengine kubwa kuliko novena aliyoisali haraka haraka.

Tunaye pia Mtakatifu Yosefu. Tarehe 15 Agosti 1989 Yohane Paulo II alimwandikia waraka wenye jina la Kilatini linalomaanisha Mlinzi wa Mkombozi. Papa Fransisko alianza rasmi utume wake siku ya sikukuu ya Yosefu, tarehe 19 Machi 2013, na mahubiri yake yalihusu ulinzi: kumlinda mwenzi, watoto, maskini, viumbe. Lakini mimi hupenda kumwangalia Yosefu katika tendo moja tu. Anaonywa usiku kwamba Herode anamtafuta mtoto. Hafungi mlango akaegemeza meza. Anaamka, anamchukua mtoto na mama yake, wanatoka. Mlinzi huyu aliwatoa watu nje, na nyumba akaiacha. Alijua kipi kilikuwa hazina.

Sasa mtaniuliza, basi nyumba iachwe wazi? Hapana, bwana. Nadhani kosa letu ni kutegemea chuma kazi ambayo zamani ilifanywa na watu.

Usukuma ina historia ya kujivunia hapa, japo ina madoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi huko Kahama na Shinyanga, wanakijiji wa Kisukuma na Kinyamwezi walijipanga wenyewe, wakaitwa sungusungu kwa jina la wale wadudu weusi wanaouma kwa pamoja. Silaha yao ya kwanza ilikuwa sauti. Mtu akiibiwa anapiga yowe, mwano kwa Kisukuma, na kila mwenye nguvu lazima atoke, asiyetoka anawajibishwa. Kaini alipoulizwa alipo ndugu yake, alijibu kwa kuuliza kama kumlinda ndugu ni kazi yake. Mwano unamjibu Kaini: ndiyo, ni kazi yako, na ukilala tutakutoza.

Madoa ninayosema ni haya: kundi lile lile liliweza kumpiga au kumuua mtuhumiwa, na bibi vizee waliotuhumiwa uchawi waliteseka. Hadi leo mtaani kibaka akikamatwa na simu ya mtu, kabla polisi hawajafika kuna mtu ameshaleta tairi. Mkatoliki asishike hata kiberiti. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinatofautisha mwizi anayeuawa akivunja nyumba gizani na yule anayeuawa jua limeshachomoza. Huyu wa pili damu yake inadaiwa. Katika sheria za kale kiasi kile, uhai wa mwizi tayari una thamani kuliko ulichoibiwa. Tivii ya inchi 43 haifikii hapo.

Lakini ule moyo wa mwano tunao bado katika sura nyingine. Tuna balozi wa nyumba kumi, mfumo ulioanza enzi za TANU. Tuna mwenyekiti wa mtaa, tuna ulinzi shirikishi. Na sisi Wakatoliki tuna kitu ambacho wengine wanakionea wivu: Jumuiya Ndogo Ndogo. Maaskofu wa AMECEA walipozipa kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liwe jirani, watu wanaojuana kwa majina. Halafu tunakutana kila wiki, tunasoma somo, tunatoa mchango, na mtu anaondoka siku mbili bila kumwambia mama wa mlango wa pili! Wakati huo huo amewaambia watu mia tatu kwenye status: picha ya ziwa, mioyo myekundu, "Finally, just the two of us." Mwizi naye ana simu. Jirani hana habari, kibaka ana habari. Huo ni mpangilio wa ajabu sana wa urafiki. Picha zitakuwa nzuri vile vile mkiziposti Jumatatu.

Kuna watu wengine wa usiku huo siwezi kuwapita. Pale hotelini, getini, kuna mlinzi mwenye rungu na koti zito. Huenda na yeye ana mke, chumba kimoja cha kupanga huko Kishiri, watoto watatu. Usiku wa wapendanao anawalinda wapendanao wa watu wengine, na nyumbani kwake hakuna anayelinda. Mkipita, msalimieni. Mkiweza kumwachia kitu, mwachieni, lakini salamu kwanza.

Na wewe ambaye hujaoa wala kuolewa, usidhani haya hayakuhusu. Wewe unayekaa geto na wenzako wawili, unapotoka tarehe 14 na kuacha pasi imechomekwa au mlango haujafungwa, mali ya wenzako iko mikononi mwako. Na binti unayekwenda kukutana na kijana uliyemfahamu mtandaoni, mwambie dada yako au rafiki unakwenda wapi, na nani, na unarudi saa ngapi. Kijana mwenye nia njema hatakasirika kwamba kuna mtu anajua ulipo. Akikasirika, amekupa jibu mapema. Mengine ya usafi wa moyo tumeyaongea mara nyingi, leo niyaache.

Nimalizie kwa yule baba na mama. Tulirudi kwenye mazungumzo wiki iliyofuata, na hawakukubali yote. Baba bado ana shaka na dada kukaa na ufunguo, na mimi sikuweza kumwambia kwamba shaka yake ni upuuzi. Imani kati ya mwajiri na mfanyakazi haitengenezwi kwa siku saba. Kama mwaka mzima hujawahi kumuuliza binti anaogopa nini, huwezi kuanza tarehe 13. Walichofanya ni hiki. Walimwomba shangazi wa mama, mtu mzima, aje alale pale usiku ule, wakamlipia nauli na chakula. Grili ilifungwa kwa ndani, ufunguo ukatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango ambapo mtoto hafiki na mtu mzima anauona hata gizani. Wa akiba aliachiwa mama jirani wa jumuiya. Mtungi wa gesi ulifungwa, taa ya kuchaji ikachukua nafasi ya mshumaa. Simu ya dada iliwekwa vocha, na kwenye karatasi ukutani wakaandika namba ya jirani, ya mwenyekiti wa mtaa, halafu 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na 116 ya msaada kwa watoto. Dada aliambiwa kwamba akibisha hodi mtu yeyote, hata akijitambulisha vipi, hafungui, anampigia mama kwanza, na hatagombezwa kwa kumwacha mgeni nje. Jumapili waliporudi alipewa siku nzima ya mapumziko na pesa yake mkononi. Hilo la mwisho lilikuwa wazo la baba, mimi sikulitaja.

Kama na ninyi mnatoka mwaka huu, nawaomba kitu kimoja kabla bodaboda haijafika getini. Mwiteni atakayebaki. Mpeni ufunguo. Zimeni taa zote, mwambieni afungue mlango mwenyewe gizani, atoke nje, aingie, afunge tena. Afanye mara mbili. Ninyi simameni hapo mkimwangalia, msimwongoze.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa familia, utuombee.